Mzigo Usioandikwa

Gatuanyaga,
18 Machi 1996

Dada yangu Saida,

Assalam aleikum. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima hapo Ruiru na duka linaendelea. Huku tu wazima, ila jua ni kali na mvua imechelewa. Mbuzi mmoja amezaa mapacha. Mwingine alivunjika mguu kwenye mawe, nikamfunga kijiti, sasa anachechemea. Mguu wangu mwenyewe bado unauma asubuhi mpaka jua lipande.

Lililonikalisha chini niandike ni la umeme. Unajua tangu nistaafu kazi ya mitambo nimebaki na ile redio yangu ya leseni, ya kuongea na wenzangu wa mbali kwa kujifurahisha. Nimekuwa nikiiendesha kwa betri ya gari, na Nzioka, yule dereva wa lori la mawe, ndiye hunipelekea Thika ikachajiwe. Nimechoka kumsumbua. Stima haitapanda kilima hiki nikiwa hai, kwa hiyo nataka sola, kituo kijitegemee.

Hesabu hizo unazijua wewe, tangu siku za marehemu mumeo Junaid. Nipigie: paneli ngapi, betri ngapi? Vitu vyangu ni redio na taa mbili. Usibane sana.

Nzioka atachukua jibu akishusha mawe Ruiru. Hakuna haja ya kusumbuka kuja.

Kaka yako,
Rama


Ruiru,
25 Machi 1996

Kaka Rama,

Waaleikum salaam. Mwili wangu ni mzima. Duka liko. Paa la nyuma linavuja juu ya mahali tunapochajia betri, nimeweka karai.

Kabla ya umeme nina swali. Mwezi uliopita nilimtuma Nzioka akuambie kwamba Firdaus ameondoka nyumbani. Anaapa alikuambia. Barua yako ina mbuzi wawili na mguu wako, lakini jina la mpwa wako halimo. Wewe ndiye uliyemfundisha kulehemu waya akiwa na miaka tisa. Sikutegemea.

Pengine Nzioka alisema nusu. Mimi nakuambia yote. Unakumbuka Novemba alianguka huko chuoni, sukari ikiwa imeshuka, wasichana aliopanga nao chumba Kahawa Wendani wakamkuta sakafuni. Nikamleta nyumbani. Nikamwambia masomo yatangoja. Kuanzia siku hiyo nilimpimia chakula, nilimchoma sindano kwa mkono wangu, nililala chumbani kwake. Siku tatu baada ya Idi nilirudi kutoka sokoni nikakuta kitanda kimetandikwa. Alibeba chupa nne za insulini ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Dawa hiyo inataka baridi, Rama. Ikipata joto inakufa, na yeye bila hiyo hamalizi wiki. Aliacha mstari mmoja: Niko salama, usinitafute.

Shemeji zangu wamesema wakimpata watamleta, apende asipende. Sikuwakataza. Na mimi sitoki hapa, asije akarudi asinikute.

Sasa umeme wako. Tunaanza na mzigo, yaani kila kitu kinachokula umeme na saa zake. Redio ikisikiliza inakula ampea mbili. Kwa saa nne ni ampea-saa nane. Ukiongea inakula ishirini, ila hakuna anayeongea bila kunyamaza, kwa hiyo nimekupa nusu saa: kumi. Taa mbili jioni: tano. Jumla ishirini na tatu kwa siku. Paneli ya wati hamsini inatoa ampea tatu, na jua la kuhesabika ni saa tano, hiyo ni kumi na tano kwa kila paneli. Mbili zinatosha na kubaki. Betri moja ya mia, usiishushe chini ya nusu, utakaa siku mbili bila jua.

Umeandika "huku tu wazima". Wewe na nani?

Saida


Gatuanyaga,
9 Aprili 1996

Saida dada yangu,

Salamu nyingi. Nimechelewa kwa sababu lori la Nzioka lilikuwa gereji Thika na sikutaka kuipa posta barua hii. Mvua imeanza, vumbi limelala. Yule mbuzi wa mguu amepona, ameanza tena kula nguo kwenye kamba.

Firdaus sikumtaja kwa kuwa niliona kumtaja ni kukutonesha. Namwombea kila siku. Ni mtu mzima na ana akili, naamini yuko mahali pazuri. "Tu wazima" ni mazoea ya kuandika barua. Mimi na mbuzi.

Hesabu yako nimeiona na nakushukuru, ila naiona ndogo. Nataka paneli sita na betri tatu. Mawingu ya Juni na Julai unayajua, na nina mpango wa kuongea zaidi.

Usijaribu kuja. Kutoka lami mpaka kwangu barabara imekatika mahali pawili.

Rama


Ruiru,
17 Aprili 1996

Kaka,

Salamu. Huku mvua ni nyingi, karai linajaa mara mbili kwa siku. Mimi ni mzima.

Sikusema nakuja. Hii ni mara ya pili unanikataza jambo ambalo sijaomba.

Paneli sita na betri tatu nimezihesabu kinyumenyume. Ili redio imalize umeme huo ungelazimika kuongea karibu saa nne kila siku. Sijawahi kukusikia ukiongea saa nne kwa mwezi. Kuna kitu hapo hujakiandika. Nzioka ameniambia chifu alipanda kwako akauliza ule waya mrefu juu ya miti unasema nini na nani. Kuna watu wanakutumia? Kuna mtu ameleta mtambo wake kwako akasema ni wa kuhifadhi tu? Vifaa vikitoka dukani kwangu, jina langu liko juu yake.

Nikuambie nilikokwenda. Ngendo, jirani yangu wa duka la vitambaa, alisema Firdaus alikuwa akionekana na mwanafunzi mmoja anayeitwa Opiyo. Nikamwacha Ngendo mlangoni kwangu, nikaenda Kahawa Wendani. Nilimkuta huyo Opiyo nyuma ya hosteli anafua.

"Mama, sijui aliko," akaniambia.

"Ukijua utaniambia?"

Akakamua shati mpaka likaacha kudondosha. "Hapana, mama. Utanisamehe. Alisema akirudi kwako hatatoka tena."

Nilirudi na hasira, na njiani sikujua hasira yenyewe ni ya nani.

Halafu leo nimemuuliza Nzioka, akipokea soda yake: "Pale kwa kaka yangu huwa zinaoshwa sahani ngapi?"

Akasema, "Mama Firdaus, mimi nabeba mawe. Hiyo maneno ya sahani mimi siingii."

Mtu asiyejua husema sijui.

Nimempakia paneli mbili na betri moja. Zikikosa kutosha, nionyeshe kwa mita, sitaki maneno. Chagua Jumapili. Zima redio, zima taa, chomoa waya wa paneli. Weka mita ya ampea kwenye waya wa betri, uandike inasema nini kila robo saa, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa. Ikiwa ulichoniambia ni kweli, sindano italala kwenye sifuri siku nzima.

Saida


Gatuanyaga,
7 Mei 1996

Saida,

Salamu. Ni mzima. Mahindi yametoka ardhini. Nilikaa kimya kwa sababu barua yako ilinikasirisha, na nikikasirika huwa siandiki.

Nzioka amenieleza habari ya sahani. Mimi ni kaka yako, sijashtakiwa popote. Chifu aliiona leseni yangu, akaishika juu chini, akanywa chai akaenda. Wewe hujatosheka. Ukiendelea kumtumia dereva wa mawe kunipeleleza nitatafuta fundi Thika, tuache haya mambo ya udugu kwenye umeme.

Lakini vifaa ni vizuri na nimevifunga. Taabu ni kwamba betri inakufa kila siku ya pili. Vipimo vya Jumapili tarehe tano hivi hapa, nimevinakili kama vilivyoandikwa:

Saa tatu, 4.5. Na robo, 4.4. Na nusu, 0. Saa nne kasorobo, 0. Saa nne, 4.5. Na robo, 0. Na nusu, 0. Saa tano kasorobo, 4.5. Saa tano, 4.4. Na robo, 0. Na nusu, 4.5. Saa sita kasorobo, 4.5. Saa sita, 0. Na robo, 4.6. Na nusu, 4.5. Saa saba kasorobo, 0. Saa saba, 4.5. Na robo, 4.5. Na nusu, 4.4. Saa nane kasorobo, 0. Saa nane, 4.5. Na robo, 4.5. Na nusu, 0. Saa tisa kasorobo, 0. Saa tisa, 4.5.

Pengine mita ni mbovu. Niambie unaonaje.

Rama


Ruiru,
14 Mei 1996

Kaka Rama,

Waaleikum salaam. Nimefurahi kusikia habari ya mahindi. Samahani kwa sahani.

Mita si mbovu. Nilivisoma vipimo nikiwa nimesimama kwenye kaunta, kisha nikatafuta kiti. Marehemu Junaid alifunga friji kumi na moja kwenye zahanati, kutoka Gatundu mpaka Yatta, na mimi ndiye niliyekuwa nikikaa na daftari mafundi wakipumzika. Kinachowaka dakika kadhaa, kikanyamaza, kikawaka tena, na jua likipanda kikawaka zaidi, ni friji ndogo ya volti kumi na mbili. Naijua hata ikiwa kwenye karatasi.

Umeandika "kama vilivyoandikwa". Na wewe hujawahi kuandika kitu kila robo saa tangu uzaliwe. Aliyekaa mbele ya mita ile alikaa saa sita bila kuruka hata kipimo kimoja, na hakupunguza kitu ili kunificha. Angeweza kuandika sifuri zote.

Sitauliza ndani ya friji mna nini. Nafanya hesabu tu. Friji hiyo inakula kama arobaini na tatu kwa siku, karibu mara mbili ya redio na taa. Usiiweke pamoja na redio. Nakutumia paneli nne na betri mbili ziwe zake peke yake, na zile za mwanzo zibaki za redio, ili siku ukisahau ukaongea sana isije friji ikalala kwa ajili ya porojo zako. Kukiwa na jua itashiba. Jua likikosekana kabisa itakaa siku mbili, na kwa jua hafifu siku tano, labda sita. Nimefunga na kipima joto. Kisome asubuhi na jioni. Kisishuke chini ya mbili wala kisipite nane. Kilichomo kisiguse ukuta wa nyuma, huko huganda, na kikiganda ni cha kutupa.

Nasikia usingizi leo. Sijausikia tangu Februari.

Saida


Gatuanyaga,
4 Juni 1996

Dada Saida,

Salamu. Baridi imeanza kuingia. Paneli nne na betri mbili zimefika bila kuvunjika, Nzioka alizifunga na magunia. Nimezifunga kama ulivyosema na zinafanya kazi.

Umeandika mengi ambayo siyaelewi. Friji ninayo, ndiyo. Nilipata iliyotumika Thika. Ni ya maziwa ya mbuzi, kwa kuwa tangu wazae nina maziwa kuliko ninavyoweza kunywa. Mita niliisoma mimi.

Nikuulize na mimi. Kwa nini barua yako ilikuwa ya upole hivyo? Nakujua miaka hamsini. Ukiwa mpole kuna kitu unakipanga. Juzi gari dogo jeupe lilisimama kule chini barabarani muda mrefu, ndani kuna watu wawili, kisha likageuka. Shemeji zako bado wana lile gari jeupe? Kama mna mpango wa kuja hapa kundi zima, nakuonya kwa heshima: mtakuta nyumba tupu, na hata mimi hutaniona tena.

Rama


Ruiru,
10 Juni 1996

Kaka,

Salamu. Habari ya maziwa nimeipokea. Basi maziwa hayo yasigande.

Shemeji zangu waliuza lile gari mwaka jana. Hawajui lolote, na hesabu ya friji sijamwonyesha mtu. Nimewaita hapa Ijumaa nikawaambia waache kutafuta. Mkubwa akaniuliza nimepata habari gani. Nikamwambia sina habari, nimebadilisha mawazo. Akasema mama gani huacha kumtafuta mwanawe. Nikamsindikiza mlangoni, akaondoka na wazo lake.

Katika katoni ya sukari na majani ya chai utakuta pakiti tatu za sindano na chupa tano, nimezizungushia barafu na magazeti. Mbuzi hawazihitaji. Kama hazina kazi huko, mpe Nzioka arudi nazo siku hiyohiyo, kabla barafu haijaisha.

Saida


Ruiru,
13 Juni 1996

Nzioka amerudi na katoni tupu. Nashukuru.

S.


Gatuanyaga,
24 Julai 1996

Dada yangu Saida,

Assalam aleikum. Sisi ni wazima. Safari hii nimeandika sisi nikijua ninachoandika.

Firdaus yuko hapa tangu usiku wa siku ile alipoondoka kwako. Alifika na lori la mawe, kwa hiyo Nzioka alijua toka siku ya kwanza, na mimi ndiye niliyemnyamazisha, usimchukie. Aliniapisha kabla hajaketi. Dawa tuliiweka ndani ya mtungi wa maji mpaka friji ilipopatikana. Nilikudanganya barua baada ya barua na sikufurahia hata moja. Nilikuwa nakuogopa, na nilikuwa nawaogopa shemeji zako zaidi.

Wacha nikusimulie wiki hizi mbili. Mawingu yalifunga tarehe kumi na hayakufunguka. Siku ya tatu nilizima redio, nikachukua umeme wa upande wake nikaupa friji. Siku ya nne tukazima taa, tukawasha koroboi. Firdaus alikuwa akisoma volti asubuhi na jioni na kuniambia tuna siku ngapi. Jumapili ile, siku ya tano, akaniambia hatuna hata moja. Tulikuwa tunajadili kama dawa ipelekwe Thika kwa rafiki yangu mwenye stima, na ingefikaje, ndipo tukasikia lori.

Nzioka akashusha betri. Imejaa, ina joto la chaji bado.

Nikamwambia, "Sikuagiza."

"Najua hukuagiza. Mama Firdaus amesema leo ni siku ya tano ya mawingu, na yeye alipigia hesabu ya siku tano."

Nikadhani ni mtego, nakuambia ukweli. Nilidhani shemeji zako wamelifuata lori waone nani atatoka kupokea. Nikamwambia Nzioka arudi nayo. Akakaa juu ya betri yenyewe, akavua kofia.

"Mzee Rama, huyo mama ameniambia hivi: hii betri isirudi Ruiru ikiwa imejaa. Ukikataa niimwage njiani. Sasa mimi nitamwaga asidi wapi, kwa shamba la nani?"

Nilikuwa bado nabishana na Nzioka wakati Firdaus alipotoka ndani peupe, wala hakujificha. Akafungua vifuniko, akatazama maji ya betri, akasema, "Mjomba, hii mama ameichaji polepole, siku mbili. Tuifunge." Tukaifunga. Ile iliyokufa ikarudi Ruiru.

Ukaleta nyingine Jumanne, na Alhamisi, na Jumamosi, na Jumatatu. Betri tano, bila karatasi hata moja. Kila mara nilitafuta barua chini ya kamba. Firdaus naye alitafuta, ingawa alijifanya anakagua waya. Jana jua limetoka. Kipima joto hakikupita saba siku zote hizo.

Afya yake ni nzuri. Anajichoma mwenyewe, anajipima mwenyewe, ana daftari lake. Aliwahi kushuka sukari mara moja, mwezi wa nne, akahisi mapema, akanywa chai ya sukari nyingi, akakaa chini ya mti mpaka ikapita. Sikuitwa. Aliniambia baadaye.

Jana usiku akasema unaweza kuja. Jumapili tarehe nne. Peke yako. Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema, sikuongeza.

Nisamehe ukiweza.

Kaka yako,
Rama


Ruiru,
6 Agosti 1996

Kaka yangu Rama,

Waaleikum salaam. Nimefika salama, na duka nimelikuta salama. Ngendo aliuza balbu mbili. Mgongo unaniuma kwa ajili ya lile lori. Asante kwa chakula, na kwa yale maziwa, ambayo nimeshangaa kuona yapo kweli.

Neno lako la nisamehe sikulijibu nikiwa kwako kwa sababu sikulijua jibu. Nimelitafuta njia nzima. Miezi mitano nilikuwa nikimtazama kila msichana anayepita dirishani, na wewe ulikuwa unakunywa naye chai. Hilo bado linaniuma na litaniuma. Lakini ungeniambia mwezi wa tatu, ningekuja na shemeji wawili na kamba. Kwa hiyo nimekusamehe, na usiulize tena, nisije nikafikiria upya.

Ulipotoka kwenda kuwatazama mbuzi ukatuacha, najua ulifanya makusudi, kwa hiyo nakuambia yaliyosemwa.

Firdaus alinimiminia chai. Amenenepa mashavu. Nilitaka kumshika nikaogopa. Ndipo akasema, "Mama, ulikuwa unaniamsha mara tatu kila usiku kuona kama napumua."

Nikasema ndiyo.

"Nilikuwa silali. Mchana kichwa kinazunguka, na wewe ukiona kinazunguka unasema ni ugonjwa, unanifungia zaidi. Sikukimbia sindano. Mimi sindano nimezizoea tangu darasa la tano. Nilikuwa nataka kulala tu."

Kaka, sikuwahi kuliona hivyo. Nilimwambia ambacho sijamwambia mtu. Siku ile ya Novemba nilipigiwa simu dukani na msichana nisiyemjua, akasema Firdaus ameanguka, simu ikakatika. Kutoka Ruiru mpaka Kahawa si mbali, lakini njia nzima nilikuwa namzika. Nilikuwa nimeshachagua nani ataosha maiti. Nilipomkuta ameketi anakunywa maji ya sukari, mimi tayari nilikuwa nimetoka makaburini, na sikujua jinsi ya kurudi.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Najua, mama. Lakini mimi sikufa."

Hapo ndipo nililia, na hapo ndipo ulirudi na ule ukuni mmoja mkononi kama mtu aliyekwenda mbali kuutafuta.

Saa nane akajichoma sindano mbele yangu. Niliona ameshika pembe vibaya kidogo, nikakalia mikono yangu. Haikuwa vibaya. Ni tofauti na ninavyofanya mimi tu.

Tumekubaliana hivi, na nakuandikia ili uwe shahidi. Septemba anarudi chuoni, chumba kilekile. Atanipigia simu dukani Jumatano na Jumamosi, na siku nyingine mimi simpigii. Mpaka Septemba anakaa kwako. Anasema ana mtihani wa leseni ya redio na wewe ndiye mwalimu. Niliuliza mtihani huo una nini, akaniambia una swali la kupima betri za kituo, na hilo halimtishi.

Shemeji zangu nimewaeleza jana. Mkubwa amekasirika. Atakaa na hasira yake.

Saa kumi Nzioka alipiga honi, mkanisindikiza mpaka chini. Mlipogeuka kupanda kilima Nzioka aliwasha injini, halafu akaizima tena. Akanitazama kwenye kioo.

"Mama Firdaus, msichana haji? Nimepanga mizigo nikamwachia nafasi."

Nikamwambia, "Haji. Twende."

Saida